Fuwele za vitundu kubebea dawa ya saratani: vyuo vyetu viweke hela huko au ni anasa?

Mleta mada: Wakuu, Nobeli ya kemia 2025 walipewa Kitagawa, Robson na Yaghi kwa zile fuwele za vitundu zenye metali. Ila Yaghi na wenzake walishatoa nyingine 2005, zinaitwa COF, hazina metali kabisa. Sasa watu wanazijaza dawa ya saratani ili zikaimwage kwenye uvimbe. Tuweke hela huko?

Bwana Pima: Anasa. COF za kwanza, zile zilizoungwa kwa boroni, zikikutana na maji zinasambaratika, na mwili wa mtu ni maji matupu. Wakemia wanahangaika na panya, mgonjwa hawajawahi kumwona.

Dada wa Maabara: Hapo kwenye mgonjwa umenigusa pabaya. Mama yangu alitundikiwa doksorubisini, ile dripu nyekundu ya saratani, nimemshikia beseni hadi alfajiri, mkojo unatoka mwekundu anadhani ni damu, nywele zinabaki kwenye mto. Ndo maana nikasoma kemia.

Bwana Pima: Pole dada, sikukulenga wewe. Lakini mama alikosa COF au alikosa dawa?

Dada wa Maabara: Mzunguko wa tatu dawa iliisha tukanunua nje. Ila hata ikijaa stoo, inaumiza moyo, ndo maana ina kikomo cha dozi. Hilo hela ya dawa haitibu.

Zuberi: Pima umebaki kwenye boroni. COF za imini, zilizoungwa kwa kaboni na nitrojeni, zinavumilia maji vizuri zaidi, asidi ndo inazilegeza, na uvimbe una asidi zaidi kidogo kuliko damu, kwa hiyo dawa imwagike hapo.

Nesi Mstaafu: Wanangu, ini na wengu vinadaka chembe hizo kabla hazijafika. Doxil ni doksorubisini hiyohiyo kwenye vifuko vya mafuta, Marekani waliipitisha 1995, moyo ukapata nafuu lakini wagonjwa wakaanza kuchubuka viganja na nyayo. Kila mbebaji ana madhara yake, lazima apimwe miaka.

Mama Wawili: Mimi nimekwama hapo kwa kununua nje. Bima si ilikuwepo?

Dada wa Maabara: Ilikuwepo, wakasema dawa haimo kwenye orodha.

Mama Wawili: Walituambia hivyohivyo kwa baba!! Tukaandika barua na risiti, wakarudisha nusu.

Mleta mada: Jamani, mada ni utafiti.

Bwana Pima: Subiri kwanza mkuu. Dada, risiti bado unazo?

Dada wa Maabara: Ninazo zote nne.