VTI ya wapimaji wawili haifanani: 14 au 17?

zamu_ya_usiku: Wakuu, naomba msaada. Mgonjwa ana sepsisi (maambukizi makali yanayoharibu viungo), yuko kwenye mashine ya kupumulia na noradrenalini (dawa ya kubana mishipa ili presha ipande). Eko (picha ya mawimbi ya sauti) ya moyo: mpimaji wa kwanza kapata VTI (umbali ambao damu inasukumwa kwa pigo moja) sm 14, wa pili sm 17, na hapo katikati hakuna dripu wala dawa iliyoguswa. Kipenyo cha njia ya damu chini ya vali ya aota ni sm 1.9, mapigo 112. Kwa 14, damu inayosukumwa na moyo inatoka lita 4.4 kwa dakika, ila kifaa cha kidoleni kinachokadiria kiasi hichohicho kinasema 6.2. Tufuate ipi kabla ya kuongeza maji ya dripu?

probu_mkononi: Hiyo lita 4.4 isikusumbue sana. Kipenyo kinazidishwa kwa chenyewe, kwa hiyo kosa dogo linavimba: ungepima 2.1 badala ya 1.9, VTI ileile 14 ingekupa lita 5.4. Pimeni kipenyo mara moja, kiandikwe kwenye faili, baada ya hapo fuatilieni VTI peke yake.

Kuhusu 14 na 17, angalieni picha zenyewe. Kisanduku cha Dopla (alama ya mahali mashine inapopima kasi ya damu) kikae nusu sentimita hadi moja chini ya vali. Kikisogea sana kwenye vali, damu pale imeshaanza kukimbia na namba inapanda. Alama ya vali kufunga ionekane, ya kufunguka isionekane. Pembe kati ya mawimbi ya Dopla na mkondo wa damu nayo isizidi digrii 20. Ikifika 30 unapoteza kama 13%. Pembe mbaya hushusha tu, haipandishi. Halafu, mapigo yana mpangilio?

zamu_ya_usiku: Hayana. Atria (vyumba vya juu vya moyo) zinapapatika. Kila mmoja alipima mapigo matatu.

probu_mkononi: Basi jibu unalo. Matatu yanatosha moyo ukiwa na mpangilio. Hapo chukueni wastani wa mapigo kumi mfululizo, bila kuchagua yaliyo mazuri (kila mtu huchagua, hata akikana).

mama_wa_ICU: Kifaa cha kidoleni kinasoma mshipa wa kidole, na noradrenalini inaubana mshipa huohuo. Kidole kikiwa cha baridi au kimevimba, 6.2 hiyo usiijengee uamuzi.

Swali la maji lijibiwe kwa kuinua miguu. Anza mgonjwa akiwa ameinuliwa kiwiliwili digrii 45, pima. Kisha tumia kitanda: kiwiliwili kilale, miguu ipande 45. Usimnyanyue kwa mikono, maana maumivu yatapandisha mapigo na jibu litaharibika. Pima tena ndani ya dakika moja, mrudishe, hakikisha VTI imerudi ilipoanzia. Ikipanda 10 hadi 15%, moyo utaitikia maji. Tumbo likiwa limejaa na kukaza, jaribio linaweza kudanganya: VTI isipande ilhali maji yangesaidia.

probu_mkononi: Naongeza moja. Kwa atria zinazopapatika, tofauti ya 10% inamezwa na kuyumba kwa mapigo yenyewe. Kama mgonjwa hajipumulii na mpangilio wa mashine haubadilishwi, angalia kaboni dioksidi ya mwisho wa pumzi wakati wa kuinua miguu. Ikipanda 5% au zaidi, inaunga mkono kwamba moyo utaitikia maji. Na kuitikia maji si sawa na kuyahitaji: bonyeza ncha ya kidole sekunde 10, achia. Rangi ikirudi ndani ya sekunde 3 na laktati (asidi ya damuni inayopanda viungo vikikosa damu ya kutosha) inashuka, chupa ya maji ya nini?

zamu_ya_usiku: Asanteni. Tunarudia na mapigo kumi, mpimaji mmoja.