Fao la uzazi kwa tunaojichangia wenyewe: kwa nini michango 36?

Cherehani ya Mbagala
Wakuu, nawasalimu. Mimi ni fundi nguo, nina cherehani mbili na binti mmoja wa kunisaidia. Nachangia NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kwa hiari yangu, 30,000 kila mwezi, natuma kwa simu, na tangu nianze sijaruka hata mwezi mmoja. Leo nina michango 22. Nina mimba ya miezi mitano.

Nimesoma masharti ya fao la uzazi. Uwe umechangia miezi isiyopungua 36, na 12 kati ya hiyo iangukie ndani ya miaka mitatu kabla ya kujifungua. Ukitimiza, unalipwa wastani wa kipato chako kwa wiki 12. Mimi siku ya kujifungua nitakuwa na michango 26. Yaani sipati kitu.

Sasa tazameni upande wa pili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anachotakiwa ni kuwa amefanya kazi miezi sita. Miezi sita kwake, 36 kwangu, na tumbo ni lile lile. Kwa nini? Wenzetu wa ofisini wanapigwa kiyoyozi mpaka siku ya uchungu, kisha miezi mitatu wanalipwa wakiwa wamelala. Mimi nisiposhona wiki moja, mwenye fremu anataka kodi yake. Naomba tulijadili hili.

Bi Mhasibu
"Wanalipwa wakiwa wamelala." Mdogo wangu, hapo umenigusa pabaya. Nilijifungua kwa upasuaji. Siku ya 12 napigiwa simu, faili la malipo liko wapi. Sijaweza hata kuinama, naelekeza mtu kabati gani afungue. Siku ya 85 nipo mezani, maziwa yanalowesha blauzi kwenye kikao na wanaume tisa. Sheria hiyo hiyo uliyoitaja inanipa mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Nenda kazichukue uone macho utakayotazamwa. Usiseme tumelala.

Cherehani ya Mbagala
Dada, pole, sikukulenga wewe. Lakini hata hizo saa mbili ambazo unatazamwa vibaya, mimi sina wa kuninyima wala wa kunipa. Nilipojifungua wa kwanza, siku ya tisa nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, mtoto kwenye beseni la nguo pembeni, mguu unakanyaga huku mshono unavuta. Sare za shule zilikuwa za watu na Januari ilikuwa inakuja.

Bi Mhasibu
Nakuelewa, na pole sana. Ila mshahara wangu unakatwa kila mwezi kabla sijauona. Siombi hisani ya mtu.

Mzee wa Hesabu
Mimi niseme wazi, hata mkinichukia. Hii ni bima. Huwezi kugonga gari ndipo ukakimbilia kukata bima. Mkiruhusu mtu achangie miezi sita na kulipwa, kila binti atakayeona siku zake zimepita atajiunga, atajifungua, atachukua hela, hatumwoni tena. Hela hiyo ni ya wazee wa kesho. Masharti ya miaka mitatu yapo kwa sababu hiyo, na ni ya busara.

Mama Pacha Tandika
Gari?? Mzee wangu, shikamoo, lakini mimba hugongi ukutani. Na wewe ulizaliwa na gari?

Mzee wa Hesabu
Marahaba mwanangu. Huo ulikuwa mfano tu.

Mama Pacha Tandika
Mfano mbaya, mzee, na nakueleza kwa nini. Ajali hakuna anayeitaka. Mtoto taifa linamtaka. Ndiye atakayechangia huo mfuko wewe ukiwa na miaka 80. Unamtoza mama yake miaka mitatu ya kusubiri kama amefanya kosa. Mimi nilibeba wawili, mguu ulivimba sikuweza kuvaa hata kandambili, na genge nililisimamia mpaka juma la mwisho. Usiniletee gari.

Boda wa Mbezi
Sasa dada fundi, kwa nini ulipe 30,000 kila mwezi wakati kwetu mkoani tulikuwa tunalipa ile ya 30,000 kwa mwaka, kaya nzima watu sita? Mama watoto wangu tulimkatia hiyo. Mnaibiwa mchana kweupe.

Bi Mhasibu
Kaka, unachanganya. Hiyo ya 30,000 kwa mwaka ilikuwa CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii. Ilikuwa ya matibabu. Haikuwa inakupa hela ya unga wakati umelala na kichanga. Anayoizungumzia mwenzetu ni fao la fedha taslimu, fidia ya kipato.

Boda wa Mbezi
Aa, kumbe. Lakini hela ya unga si anatoa mwanaume? Ndoa ni ya nini sasa?

Cherehani ya Mbagala
Kaka, nani kakwambia nina mume?

Mama Pacha Tandika
Na hata akiwa naye! Wangu alikuwa kibarua wa bandarini, meli isipokuja ni uji wa chumvi. Wanaume mnapenda kuitwa bima, tukileta madai mnakimbilia kijiweni.

Boda wa Mbezi
Mimi sijakimbia kijiwe. Nilikaa hospitali ya Amana usiku mzima mvua inanyesha nasubiri. Asubuhi nikaingia barabarani kwa sababu pikipiki ni ya mkataba, tajiri anataka hesabu yake ya siku. Msituweke wote kapu moja. Aliyeajiriwa anapewa siku tatu akipata mtoto, mimi hata masaa matatu sikupata.

Mwalimu wa Awali
Nimesoma toka juu, naona tunapigana wenyewe kwa wenyewe. Mimi nilikuwa mwajiriwa, shule moja ya binafsi, mwaka wa nne kazini. Kila mwezi karatasi ya mshahara inaonyesha makato. Nilipopata mimba nikaomba taarifa ya michango yangu: miezi 29 tu. Mingine mwajiri alikata na hakupeleka. Kwa hiyo hata hiyo 36 ya waajiriwa si ya uhakika kama mnavyodhani. Dada fundi anatuma kwa mkono wake na ujumbe anauona kwenye simu. Mimi nilimkabidhi mtu mwingine hela yangu na ikapotelea njiani. Halafu mzee hapo juu anaogopa mabinti watakaoufanyia mfuko ujanja! Hao waajiri mbona hawaogopi?

Mzee wa Hesabu
Mwalimu, hilo ni wizi, silitetei. Mwajiri wa namna hiyo apelekwe mahakamani. Lakini nje ya hapo hoja yangu haijajibiwa.

Mstaafu wa Mfuko
Nijaribu kuijibu, kaka, maana nimefanya kazi ya hifadhi ya jamii miaka mingi na sasa nala pensheni yangu taratibu.

Mfuko wa akiba ulioanzishwa 1964 ulikuwa kibubu: unaweka, unatoa chako. Sheria ya 1997 ndiyo iliyoleta NSSF na mafao ya kuchangiana, la uzazi likiwemo. Hii 36 na 12 iliandikwa kwa kumfikiria mtu mwenye mwajiri, karatasi ya mshahara, na makato yanayojiendea yenyewe. Kwa mtu huyo 36 si mzigo mkubwa, kwa sababu hata asipoitimiza bado likizo yake ya siku 84 ipo kwa sheria ya kazi, na mwajiri ndiye anayelipa. Ana miguu miwili. Mwaka 2018 mifuko ilipounganishwa, watumishi wa umma wakaenda PSSSF, mfuko wao mpya, NSSF ikabaki na sekta binafsi na waliojiajiri. Fundi, mama lishe, bodaboda wakakaribishwa, masharti yakabaki yale ya mtu wa karatasi ya mshahara. Dada fundi ana mguu mmoja, na huo mmoja una kufuli la miaka mitatu.

Hofu ya watu kujiunga wakiwa na mimba ni ya kweli, nisimpinge mzee. Lakini mimba ni miezi tisa. Ukitaka kumzuia anayejiunga baada ya kupima, muda wa miezi 12 unamzuia kabisa. Hiyo 24 ya juu yake inamzuia nani? Inamzuia huyu wa michango 22 asiyeruka mwezi.

Na kiasi chenyewe si cha kuuangusha mfuko. Tuchukulie 30,000 ni asilimia 20 ya kipato anachokitangaza. Kipato ni 150,000 kwa mwezi, sawa na 5,000 kwa siku. Mara siku 84 ni 420,000.

Mama Pacha Tandika
420,000 kwa mtu aliyechangia 1,080,000? Si bora aweke kwenye kikoba mtaani! Kikoba changu mwisho wa mwaka nagawiwa changu chote na faida juu.

Mstaafu wa Mfuko
Bibie, ile milioni haijaliwa. Michango inabaki kuhesabika kwenye pensheni. Uzazi ni juu yake.

Mama Pacha Tandika
Pensheni! Mmesahau Desemba 2018 na ile asilimia 25 ya kulipwa kwa mkupuo ukistaafu? Watu walilia mpaka rais akairudisha nyuma. Halafu 2022 ikaja 33. Mkono wangu hautumi hela mahali ambapo hesabu inabadilishwa mimi nikiwa sokoni.

Bi Mhasibu
Kikokotoo cha pensheni tena? Mada ni uzazi jamani.

Mzee wa Hesabu
Kikokotoo ndiyo mada yenyewe. Mimi nilistaafu katikati ya vurugu hizo, usiku silali nikipiga hesabu. Ndiyo maana mkisema mfuko utoe zaidi, nashtuka. Mstaafu mwenzangu, hiyo miezi 12 naweza kuikubali. Ila aliyechukua fao aendelee kuchangia. Asipoendelea, akirudi aanze upya.

Mwalimu wa Awali
Mzee, umesogea. Ahsante. Lakini "asipoendelea" ndiyo shida. Aliyejifungua hana kipato, ndiyo maana analipwa. Miezi mitatu hiyo atachangia nini? Mpeni nafasi ya kupumua ndipo mhesabu kuruka.

Boda wa Mbezi
Hata sisi mvua za masika tunaruka. Mwezi wa nne barabara za huku hazipitiki, abiria hakuna. Ukiniambia kila mwezi bila kuruka, umenitoa.

Mstaafu wa Mfuko
Sheria haisemi mfululizo, kijana. Inasema jumla 36, na 12 ndani ya ile miaka mitatu ya mwisho. Kuruka masika hakukutoi.

Dada fundi, nina swali. Kabla ya kuwa na fremu yako, uliwahi kuajiriwa popote?

Cherehani ya Mbagala
Ndiyo mzee. Kiwanda kimoja cha nguo, 2016 mpaka 2017, miezi 11. Tulikuwa tunakatwa. Kwa nini?

Mstaafu wa Mfuko
Ulipoanza kujichangia ulitumia namba ile ile ya uanachama au ulifungua mpya? Michango ya kule ni yako, inahesabika. 22 na 11 ni 33. Hadi kujifungua una miezi minne mbele. Piga mwenyewe.

Cherehani ya Mbagala
Mungu wangu. Nilifungua mpya. Yule wakala alinisajili hapo hapo dukani, hakuniuliza kitu na mimi sikuwaza.

Mwalimu wa Awali
Usishangilie kwanza. Kaombe taarifa ya michango ya namba ya zamani uone kama kiwanda kilipeleka kweli. Mimi yalinikuta hapo hapo. Nenda kesho, usingoje miezi saba na mguu umevimba.

Cherehani ya Mbagala
Kesho asubuhi nafunga fremu. Kadi ya zamani iko kijijini kwa mama, nimeshampigia anitumie picha. Lakini wakuu, hata mimi nikipita, binti ninayefanya naye kazi ana miaka 21 na michango minne. Nimwambie nini, asubiri miaka mitatu ndipo aolewe?

Boda wa Mbezi
Mwambie anitafute mimi.

Mama Pacha Tandika
Wewe si umesema una mama watoto?