Duka la ndege za rimoti Arusha linauza seti zenye mkia mzito na betri ya uongo, ndege ikianguka unaambiwa hujui kurusha

Wakuu habari za majukumu. Uzi ni mrefu, kama huna muda pita tu, ila kama uko Arusha au Moshi na unafikiria kununua seti ya kuunganisha ndege ya rimoti mwenyewe, ile ya mbao nyepesi za balsa inayokuja kwenye boksi, soma kwanza kabla hujatuma hela ya watu.

Duka silitaji jina wasimamizi wasije wakafuta uzi. Liko Arusha mjini na wenye huu ugonjwa wanalijua maana hayako mengi. Mimi niko Moshi, nikalipa kwa simu laki nne na themanini na tano, mzigo ukapanda basi, nikaufuata stendi na furaha zangu zote. Tangazo lilisema seti kamili: bawa la juu lenye urefu wa mita 1.4 ncha hadi ncha, mota, spidi kontrola ya kuongoza mota, servo nne (vimota vidogo vya kusogeza usukani), betri ya seli tatu ya 2200 (mAh, kipimo cha chaji inayobeba), na ukimaliza kila kitu uzito ni gramu 1,100. Risiti nikapewa karatasi ya kuandikwa kwa mkono, nikiuliza ya EFD, ile ya mashine ya kodi, naambiwa mashine haina mtandao. Hiyo nayo tuiache.

Kwa wasiojua huu mchezo niwape picha kidogo. Ndege yoyote, hata hiyo kubwa inayotua KIA, ina pointi yake ya balansi, sisi tunaita CG. Kwa ndege ya kujifunzia yenye bawa lililonyooka, hiyo pointi inatakiwa ikae kwenye asilimia 25 mpaka 33 ya upana wa bawa, unapima kuanzia ukingo wa mbele. Bawa langu lina upana wa milimita 200, kwahiyo tunazungumzia kati ya 50 na 66. Ikisogea mbele zaidi ndege inakuwa mvivu kuinua pua, kutua ni shida shida ila inarushika. Ikirudi nyuma sana ndo balaa, ukigusa eleveta kidogo, kile kipande cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua, pua inapanda na hairudi, inazidi tu kupanda hadi bawa linaachia hewa, hapo hata uwe fundi wa dunia unabaki kuangalia.

Sasa fungua kitabu cha maelekezo, ambacho sio kitabu, ni karatasi mbili za fotokopi. Zimeandika CG ni milimita 95. Tisini na tano kwenye bawa la 200! Hiyo ni karibu katikati ya bawa. Nikarudi kwenye mchoro wenyewe, ule mdogo wa pembeni, mshale wa CG umechorwa pale pale lilipo bomba la kaboni linalounganisha bawa la kushoto na la kulia. Nikachukua rula ya chuma nikapima, katikati ya bomba ni milimita 60. Yaani mchoro unasema 60 na maandishi yanasema 95 kwenye karatasi moja. Ukitulia unaona kilichotokea, aliyechapa upya kaigeuza 59 ikawa 95. Kukosea kuchapa kupo, ila kwenye hizo karatasi kuna namba moja tu ambayo ukiikosea ndege haina maisha, na ndo hiyo hiyo waliyoikosea. Na hakuna mtu pale dukani aliyewahi kuisoma? Wanauza hizi seti muda wote huo?

Ingeishia hapo nisingefungua uzi, ningepiga simu wakarekebisha yakaisha. Shida ikaja kwenye mkia. Mimi kabla sijapaka gundi napima kila kipande kwenye mizani ya jikoni ya mama watoto, ile ya kupimia unga wa keki, naandika uzito kwa penseli juu ya mbao. Kipande cha mkia cha kulala kikasoma gramu 96. Nikajua mizani imekufa, nikakitoa nikaweka tena, 96. Kwa juu ni cheupe, kisafi, unaapa ni balsa. Kigeuze uangalie ubavuni, unaona tabaka tatu zimebandikana. Plaiwudi! Balsa ukiibonyeza kwa ukucha inabonyea na alama inabaki, hii nimebonyeza mpaka ukucha ukauma. Nilikuwa na shiti ya balsa ya milimita 3 iliyobaki kwenye ndege ya zamani, nikakata umbo lile lile unene ule ule, ikasoma gramu 27.

Nikapiga simu dukani. Jibu: "Boss wangu, gramu 69 ni nini, hata soda haifiki."

Sawa, tufanye hesabu ya darasani. Mkia uko sentimita 70 nyuma ya CG. Puani sehemu ninayoweza kubandika risasi, ile metali nzito, iko sentimita 22 mbele ya CG. 69 mara 70 ni 4,830, gawanya kwa 22 unapata kama 220. Kwahiyo hizo gramu 69 ambazo hata soda hazifiki zinataka gramu 220 za risasi puani ndo ndege ikae sawa. Mimi nimenunua ndege, sikununua nanga.

Tukaja kwenye betri. Stika imeandikwa 2200 kubwa kabisa. Nikaweka kwenye mizani, gramu 115. Aliyewahi kushika betri ya lipo ya seli tatu ya 2200 anajua inacheza kwenye 170 hadi 190, sasa hizo nyingine zimeenda wapi? Nikaichaji hadi volti 4.2 kila seli, chaja yangu ina sehemu ya kutoa chaji huku inahesabu, nikaiacha itoe mpaka seli zikafika 3.3, ikatoa 1,240 ikaishia hapo. Nikachokonoa kona ya stika kwa kisu, chini yake kuna stika nyingine, imeandikwa 1300. Hawakuhangaika hata kuibandua ya kwanza wakuu, wamebandika juu yake.

Na betri kwenye hii ndege inakaa mbele, kama sentimita 15 mbele ya CG, kwahiyo ikiwa nyepesi ni pua ndo inakuwa nyepesi. Mnaona mchezo ulivyokaa? Karatasi inavuta nyuma, mbao inavuta nyuma, betri inavuta nyuma. Yaani hata kosa moja halikuvuta mbele wakafidiana. Nilivyoiunganisha kwa majaribio na vitu vyao vyote, bila risasi, nikaishika kwa vidole viwili chini ya bawa, ikabalansi kwenye 112. Nyuma hata ya hiyo 95 yao ya uongo.

Nikitaka kuirudisha mahali pake kwa risasi peke yake natakiwa nibandike kama gramu 264, ukijumlisha ndege inafika kama 1,370 badala ya 1,100 ya kwenye tangazo. Wengine watasema si irushe tu hivyo hivyo. Bawa halijaongezeka, uzito umeongezeka kama robo, maana yake spidi ambayo bawa linaanza kuachia hewa inapanda kama asilimia 11. Halafu hatuko Dar sisi. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hiyo peke yake inaongeza kama asilimia 7 nyingine. Moshi tuko chini kidogo ila bado sio baharini. Kwahiyo ndege iliyouzwa kama ya kujifunzia, ya polepole, inakuja kutua na spidi ya mtu mwenye uzoefu wa miaka. Unampa nani hiyo, mwanafunzi?

Balansi ya kushoto na kulia sina lawama nayo. Niliining'iniza kwa uzi puani na mkiani, bawa la kulia likawa jepesi kidogo, gramu 6 kwenye ncha zikamaliza kazi. Hiyo ni kawaida kwa kitu cha mbao, hakuna mbao mbili zinazolingana. Servo nazo nzima, mota nzima, spidi kontrola haina shida. Nasema ukweli, sitafuti ubaya wa bure.

Nilichofanya, nikatupa mkia wao nikaweka ule wangu wa balsa, nikanunua betri ya 2200 ya ukweli kwa hela yangu, gramu 182. CG ikaja kwenye 61 bila hata punje ya risasi, nikasukuma betri mbele kidogo ikakaa 59. Nikaenda kuirusha asubuhi mapema upande wa barabara ya TPC, mlima uko wazi, upepo haujaamka, imeruka tamu mno, unaachia rimoti inakwenda yenyewe. Na hapa ndo hasira zangu zilipo. Aliyeichora hii ndege alikuwa anajua kazi yake. Mtu katikati, sijui ni wao sijui aliyewauzia, kachomoa vya maana kaweka makapi akabakiza bei.

Sasa kilichonifanya niandike. Kuna chalii wa Chuga, yaani Arusha, anasoma chuo, kajibana kwenye boom lake, hela ya mkopo wa chuo, akanunua seti hiyo hiyo. Yeye hana mizani wala shiti ya balsa ya akiba, ana karatasi mbili tu za fotokopi na anaziamini, kwanini asiziamini? Akaona ndege inalalia mkia, akabandika nati kadhaa puani mpaka ikabalansi 95 kamili kama walivyoandika. Video yake ninayo. Inaachiwa, pua inapanda, unamsikia anasema "mbona hivi, mbona hivi", kashusha eleveta mpaka mwisho haisikii, inasimama hewani, bawa la kushoto linadondoka, inazunguka inashuka na pua. Bawa vipande viwili, mota shafti imepinda, sanduku la mbele lote unga unga. Akaipeleka dukani wakamwambia mbele za wateja "dogo hujui kurusha, anza na simuleta". Kaniambia aliondoka bila kujibu.

Angejua kurusha kuliko pale angefanyaje? Hakuna mtu anayerusha ndege ya kujifunzia yenye CG kwenye asilimia 47 ikampenda.

Nikawapigia tena kwa niaba yake. Wakasema bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi. Sasa mkia wa plaiwudi nitaujuaje bila kufungua boksi, niunuse? Betri yenye stika mbili nitaijuaje? Nikawaambia kubandika stika ya 2200 juu ya betri ya 1300 hiyo ni bidhaa bandia na FCC, tume ya ushindani, ndo wanahusika na hayo mambo, simu ikakatwa. Nikapiga tena haipokelewi, whatsapp wameniblokia.

Nilichotaka sio kikubwa. Betri ya ukweli au tofauti ya hela, mkia wa balsa, na karatasi yenye namba sahihi kwa kila aliyenunua. Na chalii arudishiwe bawa. Basi.

Kama umeshanunua seti hii, boksi la bluu lenye picha ya ndege ya njano, usiirushe kwanza. Angalia ubavu wa mkia, pima betri hata kwa mizani ya muuza dagaa, na CG weka kwenye bomba la bawa, achana na maandishi.

NAONGEZEA: Kuna mdau kasema labda nimejaza gundi mkiani. Mkuu soma tena, nimepima kipande kikavu kabla hakijaona gundi, namba bado iko juu ya mbao nimepiga picha. Na wewe unayesema ninunue ya fomu, lile povu gumu, iliyo tayari, asante, ila raha yetu sisi ni kuunganisha, we kanunue. Na mnaouliza vibali vya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ni kweli vyombo visivyo na rubani vina kanuni zake na karibu na uwanja wa ndege wa Kisongo au KIA usithubutu hata kidogo, ila hilo halifanyi plaiwudi igeuke balsa.

NAONGEZEA TENA: Jamaa wameuona uzi. Wametuma voisi kwa namba nyingine, sauti ya upole kweli kweli, "mzee wetu tusifike huko, sisi ni ndugu, futa tu ile kitu halafu tunakutumia zawadi kwenye basi la kesho". Nikauliza zawadi gani. Propela. Moja. Nimewaambia waanze na bawa la chalii ndo tuongee, mpaka sasa tiki mbili za bluu na kimya. Mwenye fremu au bawa la akiba la mita 1.4 Arusha anicheki inbox, dogo anataka kurudi hewani.