Laptop "za wabunifu": wauzaji mmetuona mazuzu?

Wakuu salaam. Huu uzi ni wa hasira, anayetaka mambo laini apite hivi.

Nimevuta laptop mpya Kariakoo, karibu milioni nne, hela ya jasho la msimu mzima wa harusi. Boksi limeandikwa kwa majivuno kwamba ni mashine ya wabunifu wanaofanya kazi popote walipo. Kampuni siitaji, duka silitaji, shauri langu nao halijaisha, kwa hiyo msinifuate PM kuuliza. Ninacholalamikia ni tabia nzima ya hii biashara. Jina moja la laptop linabeba mashine tatu nne tofauti, wanakutangazia ile bora, wanakukabidhi ile ya chini, na yale mambo yanayoamua kama utapiga kazi au utaaibika ndiyo hasa yanayofichwa.

Kwa wasioijua hii kazi: siku hizi kamati ya harusi haitaki kusubiri video mwezi mzima. Wanataka ya kanisani au ya nikahi ichezwe ukumbini usiku uleule, kabla ya keki. Ndoa inafungwa saa nane mchana, msafara unaenda kupiga picha ufukweni, wewe umejikunja kiti cha nyuma cha Noah na laptop mapajani, na ikifika saa mbili usiku MC anakuangalia jicho la "vipi?" Hapo hakuna meza, hakuna soketi ya ukutani, hakuna kivuli. Kama kuna watu ambao laptop ya "kufanyia kazi popote" ilipaswa kutengenezwa kwa ajili yao, ni sisi.

Sasa tuje kwenye kioo. Tangazo lilionyesha OLED, kioo cha daraja la juu, ya 2.8K (nukta nyingi zaidi) yenye asilimia 100 ya DCI-P3, kipimo cha upana wa rangi za sinema. Nilichokabidhiwa ni IPS, kioo cha kawaida, ya nukta 1920 kwa 1200 yenye 45% NTSC, kipimo kingine cha upana wa rangi. Kwa asiyezoea hesabu hizi, 45% NTSC ni chini kidogo ya theluthi mbili ya rangi za sRGB. Na sRGB si anasa, ni kiwango cha rangi kilichobuniwa mwaka 1996, enzi za vichogo vya mezani! Ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho mtu wa picha anaweza kukifanyia kazi, na hichi kioo "cha wabunifu" hakikifikii.

Mnajua maana yake kwa mtu anayepaka rangi video? Nyekundu yote imefubaa. Sare za kamati za maruni zinakuwa kama kahawia iliyochuja. Unaongeza rangi hadi macho yako yaridhike, unatoa faili, unaitupia kwenye simu ya bibi harusi yenye kioo kizuri kuliko chako, unakuta ana uso wa rangi ya chungwa na midomo inawaka. Halafu kuna mjuaji dukani ananiambia "fanya kalibresheni bosi wangu". Kile kifaa cha kupimia rangi kinasahihisha kilichopo. Rangi ambayo paneli haina uwezo wa kuitoa, hata ukikesha unaipima, haitatoka.

Mwangaza ni niti 250 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo). Ofisini sawa. Ndani ya gari saa tisa alasiri pale Bagamoyo, hata ukiziba madirisha kwa kanga za mama zetu, kitu pekee unachokiona vizuri kwenye hicho kioo ni sura yako mwenyewe imekasirika.

Tuje kwenye kadi ya grafiki, maana hapa ndipo changa la macho limetengenezwa kitaalamu. Imeandikwa RTX 4060, kadi ya kampuni ya Nvidia, stika inameta. Ambacho hawakuandika popote ni wati. RTX 4060 ya laptop, kwa mujibu wa Nvidia wenyewe, mtengenezaji anaweza kuipa umeme kuanzia wati 35 hadi 115. Jina lilelile, stika ileile, na bei inafanana fanana. Nikafungua paneli ya Nvidia, nikaingia kwenye taarifa za mfumo, nikakuta 60. Sitasema Nvidia wana kosa, upana huo wameutangaza wazi. Kosa ni la aliyeamua kunipa wati 60 na kunilipisha stika. 4060 iliyonyimwa umeme namna hiyo, tofauti yake na 4050, kadi ya ngazi ya chini yake, iliyoshiba ni ya kutafutwa kwa tochi.

Kuna jingine la kitaalamu ambalo wauzaji wa Bongo hawaligusi kabisa, na naomba wapiga video mlisome taratibu. Kamera nyingi tunazotumia sasa, kuanzia Sony A7 IV na FX30 hadi Canon R6, zinaweza kurekodi H.265 ya biti 10, 4:2:2, yaani video iliyobanwa sana lakini iliyobeba taarifa nyingi za rangi. Rangi ni tamu na unapata nafasi kubwa ya kurekebisha. Lakini faili hizo ni nzito kufunguliwa, na laptop inahitaji kipande maalumu ndani ya chipu cha kuzifungua. Intel wamekiweka ndani ya prosesa zao za laptop tangu kizazi cha 11. Nvidia kwenye kadi zao hawakuwa nacho mpaka familia ya RTX 50 ilipotoka mwaka 2025. Na Ryzen, prosesa ya AMD iliyomo kwenye mashine yangu, haina.

Kwa hiyo hesabu ikoje? Ryzen haifungui, 4060 haifungui, kazi yote inabebwa na prosesa kwa nguvu za mabavu, feni zinalia, na video ya kamera moja tu inagandaganda kwenye taimulaini. Weka kamera mbili uone. Ndiyo, najua mambo ya proksi (nakala nyepesi za video za kuhariria), msinifundishe. Kutengeneza proksi kunakula muda, na ndani ya Noah muda ndiyo kitu pekee ambacho sina. Kinachonichoma ni kwamba hii laptop toleo la Intel lipo, kwa jina lilelile! Lingefungua faili hizi bila jasho. Ila dukani ukiuliza tofauti unajibiwa "hii ya Ryzen ni kali zaidi, inapiga gemu zote". Ndugu yangu, mimi nimekuambia napiga gemu?

Sehemu ya kuchomeka memori kadi haipo. Nimerudia: laptop ya wapiga picha haina sehemu ya kadi. Walinipa kihab "cha zawadi", kile kifaa cha kuongezea matundu ya USB, kumbe ni USB 2.0, ya kizamani na ya polepole. Kadi ya GB 128 ikijaa, kuihamisha kwa kile kihab ni karibu saa nzima. Kadi yenyewe ni ya UHS-II, aina ya kasi, ikipata kadi rida ya maana inamalizika ndani ya dakika kumi. Zawadi hiyo nimewarudishia.

Na hizo poti za USB-C, mbili, mwendo wake ni Gbps 5 (gigabiti 5 kwa sekunde). SSD yangu ya nje, diski ya kuhifadhia kazi, ni Samsung T7, inayoweza kukimbia hadi MB 1,050 kwa sekunde. Hapa inaishia chini ya nusu. Basi tuseme nimekubali. Je, zinapokea chaji? Hazipokei! Mwaka 2021 kiwango cha USB-C kilipanuliwa mpaka wati 240, simu za laki tatu zinachajiwa kwa USB-C, hii ya milioni nne inataka chaja yake ya pini ya mviringo, ya wati 200, nzito kama tofali.

Hili la chaja si la kubebeka tu. Soketi ya kiberiti ya gari za kawaida inatoa volti 12, na fyuzi yake huwa ya ampea 10 au 15. Zidisha mwenyewe: wati 120 hadi 180, na hapo hujatoa zinazopotea njiani. Chaja ya wati 200 ukiichomeka kwenye inveta ndogo ya gari, mashine ikianza kufanya kazi nzito tu inveta inajizima. Laptop inayochajiwa kwa USB-C ungeifunga kwenye chaja ya gari ya wati 65 au 100 ukaendelea na maisha, au ukatembea na pawa benki. Mimi natembea na tofali ambalo halina pa kuchomekwa.

Betri nayo ni ya Wh 52, yaani inaweza kutoa wati 52 kwa saa moja. Toleo la juu lina kubwa zaidi, bila shaka mmeshaanza kuuelewa mchezo. Sheria za ndege zinaruhusu betri hadi Wh 100 bila kuomba kibali, kwa hiyo nafasi ya kuweka kubwa ilikuwepo. Ukihariri kwa bidii mashine inavuta wati 60 kirahisi, na kwa betri hiyo hufikishi saa moja. Na ukichomoa chaja inajipunguza nguvu yenyewe ili kuokoa betri, ile kadi ya wati 60 inakuwa pambo. Yaani nguvu niliyoinunua inapatikana ukiwa umekaa karibu na ukuta. Basi si ningenunua PC ya mezani kwa nusu bei?

RAM ni GB 16, imechomelewa kwenye mazabodi, haiongezeki maisha yake yote. Muuzaji alisema "utaongeza baadaye". Sina la kuongeza hapo.

Kibodi ni nzuri. Nimesema nisiwe mnafiki.

Nikarudi dukani. Kijana aliyeniuzia akawa mpole ghafla, akaniitia mwenye duka. Mwenye duka hata hakuifungua. "Mzee wangu, laptop si inawaka? Bidhaa ikishatoka hapa haipokelewi, imeandikwa pale ukutani." Nikamwonyesha tangazo lao kwenye simu, nikamwonyesha stika ya chini ya boksi yenye namba kamili ya toleo, vitu viwili tofauti. Akasema picha ya tangazo ni ya kampuni, si yake. Risiti ya EFD ninayo, niliidai, lakini nenda kaisome: imeandikwa "LAPTOP 1". Namba ya toleo hamna. Na nadhani haikuandikwa kwa makusudi, maana risiti ingetaja toleo ningekuwa na ushahidi mkononi wa nilichoambiwa nanunua.

Hayo maandishi ya ukutani yasiwatishe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia. Karatasi iliyobandikwa kwa selotepu haifuti sheria ya Bunge. Nimeshapiga picha kila kitu, tangazo, boksi, risiti na maandishi yao ya ukutani, barua inaenda wiki hii.

Najua watakaokuja hapa chini. Kundi la kwanza: "ungenunua MacBook." Wakuu, nakubali kabisa kwamba tangu 2021 MacBook Pro za inchi 14 na 16 zimerudishiwa sehemu ya kadi ya SD na HDMI, na nguvu yake haishuki ukichomoa chaja. Nendeni mkaangalie bei ya mpya hapa mjini yenye RAM ya kutosha, halafu mnichangie. Kundi la pili: "ungesoma spec." Nilizisoma, mkuu. Zilizotangazwa ndizo nilizozisoma, na ndizo ambazo sikupewa. Kundi la tatu ni wauzaji wenyewe wenye akaunti mpya, hao nawasubiri kwa hamu.

Mnaokwenda kununua wiki hii, fanyeni fujo dukani kabla ya kutoa hela. Mwambie aiwashe, fungua paneli ya Nvidia usome wati. Fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport, litakuletea ukubwa wa betri kwa herufi na namba. Beba picha moja yenye nyekundu nyingi kwenye flashi, iweke pembeni ya simu yako ulinganishe. Chomeka chaja ya USB-C uone kama inaitika. Na risiti iandikwe namba kamili ya toleo iliyo kwenye boksi, herufi kwa herufi. Akikataa kuiandika, toka.

Sasa nahitaji msaada wa mafundi. Kioo changu kinatumia soketi ya pini 30, na ile OLED nimeambiwa inataka kebo ya pini 40. Kuna aliyewahi kubadilisha paneli na kebo kwa pamoja kwenye mashine ya namna hii, au mazabodi ya toleo la chini nayo imepunguzwa njia za ishara? Nataka jibu la mtu aliyeshika bisibisi, si la aliyeangalia YouTube. Kama gharama inazidi laki nne niambieni mapema niiuze hivihivi, na kwenye tangazo langu nitaandika wati, niti na asilimia zote.