Jaketi za kike zenye bitana: je, ninastahili ushuru wa asilimia 7.1 au nitatozwa 27.7?

MamaTheluji: Wanajukwaa, salaam. Ninaishi Minneapolis, na kwa mara ya kwanza nimeagiza jaketi 600 za kike kutoka Vietnam. Meli inafika Seattle baada ya siku tisa. Jaketi zinaishia kiunoni, zina zipu mbele, kitambaa cha nje ni poliesta, bitana ni poliesta, na katikati kuna sufi ya kutunza joto. Ankara inasema dola 18 kwa kila moja, yaani dola 10,800 kwa jumla. Wakala wangu wa forodha anasema zote zinaingia fungu la 62.02 la kitabu cha ushuru cha Marekani, ila ndani yake kuna viwango viwili: zile zinazozuia maji hutozwa asilimia 7.1, na zisizozuia hutozwa 27.7. Ushuru wa nyongeza tuuweke kando kwa leo. Ripoti ya maabara ya kuzuia maji ninayo. Ninachouliza ni kimoja tu: je, ripoti hiyo inatosha? Sipati usingizi.

Duka la Kariakoo: Pole sana, dada. Huku kwetu tangu Julai 2022 nguo zilizoshonwa zimewekwa kwenye asilimia 35 ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iwe inazuia maji au inayaruhusu, na hesabu huanzia kwenye bei pamoja na nauli na bima. Ninyi Marekani hamtozwi ushuru juu ya nauli ya meli, kwa hiyo shukuru hata kwa hilo. Mimi huwauzia jaketi wateja wa Njombe na Makete, na mwaka juzi nilileta mzigo ambao zipu zake zote zilikatika kabla ya msimu wa baridi kwisha. Ushauri wangu ni kwamba ukague zipu kwanza.

Fundi Bitana: Dada, ripoti si neno la mwisho. Kwanza hakikisha kitambaa cha nje kimefumwa, kwa sababu kingekuwa cha aina ya sweta ungehamia sura ya 61 ya kitabu hicho. Pili, chunguza bitana. Watu wengi hudhani bitana haina uzito wowote katika uainishaji, na kwa kawaida kitambaa cha nje ndicho kinachoamua, lakini bitana ikiwa ni ngozi halisi yenye manyoya, kama ya sungura, jaketi zima huondoka sura ya 62 na kwenda 43.03, fungu la mavazi ya manyoya. Manyoya ya kuiga yaliyofumwa kiwandani hayakupeleki huko. Niliwahi kupokea koti ambalo mnunuzi aliapa kwamba manyoya yake ni ya kuiga. Tulipochoma unyuzi mmoja ukanuka kama nywele iliyoungua.

MamaTheluji: Bitana yangu ni poliesta laini, haina manyoya. Naomba turudi kwenye ripoti.

Mzee wa Jalada: Binti yangu, nimefanya kazi ya kutoa mizigo kwa miaka mingi, na swali langu ni fupi: ripoti hiyo ilipima kitambaa kipi, na lini? Sheria ya Marekani haiulizi kama jaketi linafaa kuvaliwa kwenye mvua. Kitambaa hugandamizwa kwa maji ya kimo cha milimita 600 kwa dakika mbili, na maji yanayopenya hayatakiwi kuzidi gramu moja. Zaidi ya hapo, uwezo huo lazima utokane na mpira au plastiki iliyopakwa kwenye kitambaa cha nje, kwenye bitana au kwenye tabaka la katikati.

MamaTheluji: Ripoti ni ya Machi. Ilipima sampuli ya kwanza.

Mzee wa Jalada: Na jaketi 600 zilikatwa lini, kwa kitambaa kipi?

MamaTheluji: Julai. Nitasema ukweli. Kiwanda kilinieleza kwamba tukiondoa utando wa plastiki upande wa ndani wa kitambaa, bei itashuka kwa dola 1.10 kwa kila jaketi, nami nikakubali. Lakini kitambaa ni kilekile, rangi ni ileile, na kimenyunyiziwa dawa ya kuzuia maji. Nimemwagia kikombe kizima cha maji na matone yameteleza. Wakala nimekwisha kumwambia aandike 7.1. Sidhani kwamba ninamwibia mtu.

Duka la Kariakoo: Uliokoa dola 660 kiwandani, na tofauti ya ushuru ni dola 2,224.80. Laiti ungeuliza kabla ya kukata kitambaa.

Ustadhi Mdogo: Dada yangu, uliposema ripoti unayo ukanyamaza kuhusu utando, hukusema uongo kwa ulimi, lakini ulitaka tukupe ruhusa bila kujua tunaruhusu nini. Wakala atasaini kwa maneno yako. Mweleze leo.

Kidadisi: Naomba radhi kwa nitakaloandika. Akaunti imefunguliwa leo. Jaketi ni 600 na kipimo ni milimita 600. Kilichoondolewa ni utando, kitu kilekile ambacho sheria inakiulizia. Hili linafanana mno na swali la mtihani wa chuo cha forodha, na sisi tunamjibia mwanafunzi.

Fundi Bitana: Hata mimi nilishtuka. Kama ni kweli, tuambie lebo ya ndani imeandikwa nini.

MamaTheluji: Lebo inasema poliesta asilimia 100 kwa nje, kwa bitana na kwa sufi, na imeshonwa ubavuni kushoto. Fedha hizo ni za upatu wa wanawake kumi na wawili, Watanzania na Wakongomani, na zamu yangu sitaipata tena hadi mwakani. Wengine wameshawaahidi watoto wao jaketi hizi kama zawadi. Nilifungua akaunti leo kwa sababu ninaona aibu kuliuliza jambo hili kwa jina ninalojulikana nalo.

Kidadisi: Nimekuelewa. Nisamehe, dada.

Mzee wa Jalada: Awe mwanafunzi au mfanyabiashara, jibu ni lilelile. Dawa ya kunyunyizia huyatelezesha matone ya kikombe, lakini kikombe si mgandamizo wa milimita 600, na ripoti ya kitambaa kingine haikulindi. Anayeingiza mzigo ndiye anayewajibika kuwa mwangalifu. Kuingiza kwa uzembe kunaweza kukutoza faini hadi mara mbili ya ushuru uliokosekana, na ikithibitika kwamba ulijua, faini inaweza kufikia thamani yote ya mzigo. Kuomba uamuzi rasmi wa uainishaji kutoka ofisi ya forodha ya New York hakuna malipo, lakini hutolewa kwa mizigo ijayo, kwa hiyo huu umechelewa. Mwambie wakala aandike 27.7 sasa. Ukipima jaketi lenyewe likafaulu kwa namna inayotakiwa, una siku 180 za kupinga baada ya forodha kufunga hesabu ya mzigo.

MamaTheluji: Nimempigia wakala. Amekasirika, kisha amebadilisha. Ushuru ni dola 2,991.60, na wenzangu wa upatu nitawaeleza Jumamosi. Ripoti ya Machi niitupe?

Mzee wa Jalada: Usiitupe. Iweke pamoja na mawasiliano yako na kiwanda kuhusu kuondoa utando, na jaketi mbili ambazo hazijavaliwa. Kumbukumbu za mzigo hutakiwa kutunzwa kwa miaka mitano.