Ukame: serikali itume pesa au inunue mifugo mapema?

Nyika_Kavu: Naomba tujadiliane kwa heshima. Mvua zilikataa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa hapa Kenya. Kuna bima ambayo serikali husaidia kuilipia: setilaiti inapima ukijani wa malisho, ukishuka mno mfugaji anatumiwa pesa anunue nyasi na maji kabla ng'ombe hawajaanguka. Mimi nasema pesa ziongezwe. Wengine wanataka serikali inunue mifugo ingali na nyama. Mwaonaje?

Mlipakodi: Inunue. Huwezi kumlipa mtu mwenye ng'ombe mia mbili aliyekataa kuuza hata mmoja kwa ajili ya sifa. Ukame si mgeni kule.

Binti_wa_Boma: Sifa? Kaka, hapo umenichoma. Hiyo mifugo ndiyo akiba, ndiyo karo, ndiyo hospitali. Mwaka ule kila asubuhi tulikuwa tunamwinua ng'ombe mmoja, mtu kwenye pembe, wawili kwenye mkia, tunamwegemeza kwenye ua mpaka miguu ikubali. Siku ya nne haikukubali. Tungemuuza wapi? Mnunuzi alitaja bei ya mbuzi, na soko lilikuwa mbali, angefia njiani. Na hao mia mbili unaowasema hawakuhesabiwa: kila kaya ilikatiwa bima ya ng'ombe watano tu, au mbuzi hamsini.

Mlipakodi: Sikumtaja baba yako, dada. Pole. Lakini hata hao watano ni kodi yangu, na mpango wenyewe ulianza 2010. Mbona bado tunachangisha chakula?

Nyasi_na_Ramani: 2010 yalikuwa majaribio ya ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, kule Marsabit, na wafugaji walikuwa wanachangia wenyewe. Serikali iliingia 2015, ikaanza na Turkana na Wajir. Mimi ninachogombana nacho ni kipimo. Setilaiti inaona kijani, haijui ni kijani cha nini. Mathenge, ule mti wa miiba, hubaki na majani hata nyasi zote zikiisha.

Kerio_Chini: Umetaja mathenge! Tuliletewa Baringo miaka ya 1980, tukaambiwa itazuia jangwa na kutupa kuni. Mbuzi wakala yale maganda matamu mpaka meno yakaharibika. Watu wa huku wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe ushahidi. Wengi walicheka. Mwenye mbuzi asiyeweza kutafuna anacheka nini? Hayo nayo ni maafa, mbona hayalipiwi?

Mlipakodi: Mathenge inatoa makaa mazuri lakini.

Kerio_Chini: Makaa! Uchomwe kwanza na mwiba wake, upenye kandambili uingie kwenye nyayo, ndipo uje unihubirie makaa.

Mahindi_Makavu: Jamani, na sisi wa jembe? Bima ya mazao ya serikali ilianza 2016, Bungoma, Embu na Nakuru, na inapima wastani wa mavuno ya eneo zima. Wenzangu wakivuna vizuri na shamba langu likakauka mahindi yakiwa kifuani, mimi sipati hata senti.

Binti_wa_Boma: Hapo tuko pamoja, mkulima. Msimu mmoja majirani wa ng'ambo ya lugga, ule mto wa msimu, walipata ujumbe wa pesa kwenye simu, sisi hatukupata. Na tulichunga pamoja, kisima kimoja, nyasi zilezile. Mstari wa ramani ndio uliotutenganisha.

Nyika_Kavu: Basi swali ni nani achore hiyo mistari. Wazee wa malisho wanajua kila kundi huhamia wapi nyasi zikiisha. Waketi na watu wa bima kabla ya msimu.

Mlipakodi: Hilo la lugga sikulijua, na si haki. Ila bado nasema ng'ombe auzwe akiwa anatembea.

Binti_wa_Boma: Lete mnunuzi mwenye bei ya ng'ombe, kaka, na lori lifike bomani. Baba atafungua ua mwenyewe.

Kerio_Chini: Na mathenge je? Hakuna aliyenijibu.