Binti mpiga muziki kwenye noveli yangu, lazima atoroke mji ndio stori inoge?

BintiLangoni

Asalaam aleikum wapendwa. Naandika noveli ya kifantasia kwa Kiswahili, niko chapta ya saba, naandikia kwenye simu usiku watoto wakishalala, na kuna mahali nimekwama wiki tatu sasa kwa hiyo naomba mawazo yenu, hasa nyinyi wa Lamu na Malindi mnaojua mambo ya ngoma za kale.

Stori ni hivi. Kuna mji wa kisiwani, sijauita Lamu lakini mtu wa hapa akisoma atautambua tu, vichochoro, punda, madaka ukutani, majahazi yanangoja upepo. Mji una siwa moja, lile baragumu kubwa la heshima, na kila mwaka kusi ikiisha siwa inapulizwa ufuoni ili kaskazi ije, maana kwenye dunia yangu upepo ni jini na haji mpaka aitwe kwa sauti yake hasa, ukiikosea kidogo anabaki huko huko. Anayeruhusiwa kuipuliza ni mwanamume wa nyumba moja tu, ya wakubwa. Sasa kuna binti wa mvuvi, Mwanaesha, miaka 15, ana sikio la ajabu, mlango ukilia anajua unalia sauti gani na akirudi nyumbani anaitoa ile sauti kwenye kigambusi, ala ndogo ya nyuzi, alichochonga mwenyewe. Huyu ndiye peke yake anayesikia kwamba siwa imepata ufa na sauti yake imeshuka. Akisema anaambiwa nyamaza, we mtoto wa kike, tena wa mvuvi, siwa umeijulia wapi. Babake anakichukua kile kigambusi anakivunja mbele ya majirani. Mwaka huo kaskazi haivumi na mji unaanza kukosa chakula.

Sasa kila stori ya aina hii niliyosoma, binti anatoroka. Anaenda mji wa mbali, anampata fundi mkubwa anayekiona kipaji chake, basi anakuwa mtu. Mimi sitaki hivyo. Bibi yangu aliimba kwenye vugo, ngoma ya wanawake, maisha yake yote na hakuwahi kuhama hapa, na alipokufa wanawake waliokuja walijaa mpaka barazani kwa watu. Nataka Mwanaesha apingane nao na abaki. Lakini kila nikiandika inatoka uongo, wazee wanalegea haraka mno, nasoma asubuhi nafuta. Je abaki vipi? Na ala gani inamfaa, na kweli naweza kumfanya mtoto wa kike aishike siwa bila msomaji wa huku kuona nimeharibu?

Zumari_la_Shela

Waaleikum salaam dadangu. Stori nimeipenda sana, kaskazi kuwa jini anayeitwa kwa sauti yake hiyo imenikaa. Mimi nitajibu ya ala tu manake ndiyo ninayoijua.

Kwanza ufa. Ufa haushushi sauti. Siwa ni bomba refu, ina tundu la kupulizia ubavuni, haina matundu ya vidole kama zumari, sauti yake inatokana na urefu wa bomba na midomo ya mpulizaji. Ukiwa na ufa pumzi inavuja, sauti inakuwa ya kukwaruza, mara itoke mara ikatae, au iruke juu. Kinachobadilisha sauti kabisa ni urefu. Bomba likiwa fupi sauti inapanda. Kwa hiyo fikiria hivi, ile nyumba ya wakubwa siwa iliwapasukia mdomoni kule mwisho, wakaona aibu, usiku wakaita fundi akakata kile kipande kilichopasuka akafunika na pete ya shaba, kwa macho inang'ara kuliko zamani na hakuna anayejua. Mwanaesha hajui chochote cha fundi lakini anasikia siwa imekuwa fupi. Anasikia kimo cha sauti, unaona? Hapo wale wazee wana sababu ya kumnyamazisha, wanajua anasema kweli.

Pili, kigambusi. Mwache nacho, usimpe udi. Udi unaunganishwa vipande vyembamba vingi, ni kazi ya fundi na pesa. Kibangala, yaani kigambusi cha huku, kinachongwa gogo moja, tumbo linafunikwa ngozi, mtoto wa mvuvi anaweza kukaa na kisu na kipande cha mti nyuma ya nyumba mwezi mzima akakitoa. Nyuzi afanye za utumbo wa mbuzi. Na mahali pa kujifichia kupiga mpeleke kama Takwa kule Manda, yale magofu, mtumbwi unaingia mikokoni maji yakijaa tu, maji yakitoka uko peke yako mpaka yarudi. Hizo saa ndizo za mazoezi yake.

Zumari nayo usiiache kabisa, yule mpiga zumari anayevuta pumzi kwa pua huku anapuliza, mashavu yamefura, wimbo haukatiki hata nukta, huyo mweke awe mzee mmoja wa mtaani anayemfundisha kupumua. Bila pumzi hiyo siwa hataiweza.

Msomaji_Malindi

Swali la kushika siwa lina jibu la zamani sana na sijui kwa nini watu wa fasihi hatulitumii. Kwenye habari za Pate, kisiwa jirani na Lamu, kuna mwanamke anaitwa Mwana Darini. Alitaka kufanya sherehe ya mwanawe na siwa ya kifalme akanyimwa. Sasa huyu mama hakulia wala hakuhama Pate. Alimwita mchongaji hodari akamtaka achonge siwa nyingine, ya pembe za ndovu, na sherehe ikafanyika na siwa ikalia. Ukienda makumbusho ya Lamu kuna habari za siwa mbili, ya Lamu ni ya shaba na ya Pate ni ya pembe, hii ya pembe ina zaidi ya mita 2, ukisimama mbele yake unaelewa kwa nini watu waligombana kwa ajili yake.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikaa nayo siku nyingi. Mtu ananyimwa alama ya heshima, anatengeneza ya kwake, na ya kwake inakuwa ndiyo watu wanaiangalia miaka mia tatu baadaye!! Mwanaesha wako hana haja ya kuinyakua siwa ya wale wakubwa. Sikio analo, kipimo cha ile sauti ya zamani kiko kichwani mwake, mkono wa kuchonga umeshasema anao. Achonge.

Halafu msome tena Liyongo, shujaa wa kale wa pwani, ule utenzi alioandika Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Liyongo yuko gerezani, anamwimbia mjakazi Saada ujumbe wa kumpelekea mamake, tupa zifichwe ndani ya mkate wa wishwa ambao walinzi hawataula. Halafu anataka ipigwe ngoma nje, kelele zinafunika sauti ya tupa ikikata pingu. Wimbo huko sio pambo, ndio unaomtoa. Kwa fantasia yako ni hazina, mambo ya siri yanapita kwenye nyimbo na wakubwa wamekaa pale pale wanazisikiliza bila kuelewa.

Na huyo Kijumwa mwenyewe alikuwa mtu wa Lamu, mshairi, mwandishi wa khati, mchonga mbao, na mpiga muziki. Mtu mmoja huyo huyo. Kwa hiyo binti anayechonga na kupiga sio kitu cha kuazima kutoka stori za mbali.

MamaKaskazi

Mimi samahani lakini nataka atoroke 😭 Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, angebaki Fumba anauza vyungu tungemjua? Alihamia mjini Unguja ndio akafunzwa, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Kuna vipaji mji mdogo unavibana mpaka vinakufa, nimeviona kwa macho yangu, rafiki yangu mmoja alikuwa na sauti ukiisikia nywele zinasimama na leo haimbi hata akiwa jikoni. Usimfanye Mwanaesha abaki eti kwa sababu wewe unaipenda Lamu.

Bi_Mkubwa_wa_Mkomani

Mwanangu BintiLangoni, nimesoma yote mara mbili, mwanangu wa kike ndiye ananiandikia hapa. Mungu akupe nguvu uimalize. Lakini nina jambo na wewe.

Unaandika kana kwamba mila ndiyo inamkataza huyo binti. Mila ya nani? Huku wanawake tuna muziki wetu tangu zamani. Vugo ni yetu, pembe za nyati tunazipiga sisi, na mwanamume akipita anapita haraka. Lelemama, ngoma nyingine ya wanawake, ilikuwa yetu na vyama vyake na mashindano yake na matusi yake ya mafumbo, watu walinuniana miaka. Bibi yako aliimba, umesema mwenyewe, nani alimkataza? Kwa hiyo huyo mtoto akichonga kigambusi babake akakivunja tu hivi hivi, mimi msomaji nauliza, ana nini huyu baba? Hujaniambia.

Mimi nitakwambia ana nini. Anaogopa jina. Kupiga ndani kwa wanawake wenzio ni kitu kimoja, na kusimama ufuoni mbele ya mji mzima ukawaambia wakubwa wamekosea ni kitu kingine, na huyo baba anawauzia samaki wakubwa hao hao, labda hata chombo anachovulia ni chao. Anamvunjia binti yake kigambusi mbele ya majirani ili wakubwa wasikie amemvunjia. Usiku akilala halali. Andika hivyo nami nitamlilia huyo baba.

Na wazee kulegea haraka, hilo kweli ni uongo. Watu wa hapa hawalegei kwa maneno. Umezaliwa Langoni na unajua habari za Habib Swaleh, alikuja kutoka Ngazija, akawa anasomesha watu ambao wakubwa wa mji hawakuona haja ya kuwasomesha, na maulidi yake yakasomwa kwa matwari, zile ngoma za mkono, na kuimba, na wako walionuna, walisema matwari msikitini vipi. Hakugombana nao barazani. Alisomesha, akasomesha, akajenga msikiti wa Riyadha, watu wakawa wanakwenda, mwisho leo maulidi yakifika watu wanatoka nchi mbalimbali na hayo matwari ndiyo yanaitwa ada ya Lamu. Kile walichokipinga babu ndicho wajukuu wanachokitetea. Hiyo ilichukua maisha ya mtu mwanangu, haikuchukua chapta moja.

Kwa hiyo usiwageuze wazee roho. Wageuze wanawake kwanza. Nani anajua ile sauti ya zamani ya siwa? Vikongwe. Waliisikia wasichana, kabla haijakatwa, na bila shaka iko kwenye nyimbo zao za vugo, wanaianzia hapo hapo bila kujua. Huyo mtoto akae nao.

MamaKaskazi mwanangu, nimekusikia pia. Huyo rafiki yako mwambie aje kwetu Alhamisi moja.

MamaKaskazi

Nitamwambia inshallah Bi Mkubwa 🙏 na hiyo ya baba kuuza samaki kwa wakubwa imenimaliza.

BintiLangoni

Sijui nianze wapi. Nimewasoma nikiwa kwenye foleni ya maji nikabaki nimesimama watu wananipita.

Bi Mkubwa umenishika hasa. Nilimwandika baba kama ukuta kwa sababu nilitaka msomaji amchukie, na ndio maana chapta zote baada ya hapo zilikuwa zinateleza, hakuna mtu wa kweli upande wa pili. Chapta ya nne naiandika upya yote kuanzia leo.

Zumari la Shela, ile ya kukata mdomo wa siwa nimeichukua na nimekuandikia fundi wako. Atakuwa ndiye yule mzee wa zumari. Yeye ndiye aliyeikata usiku ule, alilipwa anyamaze, na anamfundisha huyo mtoto kupumua kwa sababu hawezi kusema alichofanya. Nimeandika nusu yake tayari na mikono ilikuwa inatetemeka.

Na MamaKaskazi sikupuuzi. Nimempa dada, Mwanakhamisi, ana sauti, na huyo ataondoka na jahazi la kwanza kaskazi ikirudi na hatalaumiwa na mtu kwenye kitabu changu, hata mamake atamfungia mkate njiani. Atakayebaki abaki kwa sababu yake.

Siwa hataigusa. Msomaji wa Malindi nilikuwa naijua hiyo siwa ya pembe tangu shule tulipopelekwa makumbusho, nilisimama mbele yake na sare yangu, na hakuna aliyetuambia ilitengenezwa kwa sababu mama mmoja alinyimwa. Mwanaesha atachonga ya mti, wakati maji yametoka na hakuna mtumbwi unaoweza kumfikia, na kimo chake atakipima kwa wimbo wa vugo wa bibi yake, yule kikongwe ameketi juu ya gofu anaimba lile neno la kwanza tena na tena na mtoto anakata kidogo, anapuliza, anakata kidogo, mpaka bibi anyamaze. Nadhani hapo akinyamaza ndipo chapta inaishia, sitaleta upepo bado.

Ila kitu kimoja kwa fundi: mti gani wa huku unatobolewa urefu wa mita mbili bila kupasuka, au auchanje nusu mbili halafu azifunge pamoja? Na akizifunga azibe na nini pumzi isivuje, mafuta ya papa na pamba kama tunavyokalafati mashua inawezekana?

Zumari_la_Shela

Auchanje nusu mbili, achimbe kila nusu, azifunge. Pamba na mafuta ndani ya mshono, halafu akaze kwa ngozi mbichi aiache ikaukie juu yake, ikikauka inabana kuliko kamba. Na huyo mtoto wa mvuvi kukalafati ameshamwona babake akifanya tangu anatambaa, kwa hiyo hiyo kazi kafunzwa na babake. Muweke pale afikirie mikono ya babake.

BintiLangoni

Ya Rabi. Naenda kuandika.